Injini Inayopiga Resi Yenyewe Wakati wa Kubadili Gia: Klachi, Giaboksi au Hewa?

SWALI

Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A na gia za kubadili kwa mkono, nami naishi Njombe. Tangu mwezi wa tano, karibu kila ninapobadili gia, hasa kutoka ya pili kwenda ya tatu, nikikanyaga klachi injini inanguruma yenyewe. Mshale wa mizunguko ya injini unasimama kwenye 2,500 kwa sekunde mbili au tatu ndipo ushuke, ilhali mguu nimekwisha kuuondoa kwenye mafuta. Asubuhi hali ni mbaya zaidi, na nikiteremka mlima wa Kitonga kuelekea Morogoro gari ni kama linanisukuma. Fundi wa kwanza alibadilisha klachi pleti na presha pleti, lakini hali ni ile ile. Wa pili anasema ni giaboksi, na anataka nitafute nyingine ya mtumba. Mwaka jana gari lilikuwa likichemsha, wakatoa thamostati, ile valvu ya maji ya kupozea injini, na tangu hapo halijachemsha tena. Nifanye nini kabla sijatoa fedha nyingine?

JIBU

Marahaba, ndugu yangu. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniuliza jambo hili, kwa sababu umetaja wakati hasa ambapo injini inapanda, na wakati huo ndio unaoamua karibu kila kitu. Pia umeandika sentensi moja mwishoni, ile ya thamostati, kana kwamba ni habari ya pembeni. Mimi naiona kuwa nzito kuliko zote, na nitairudia baada ya kukutoa kwanza kwenye giaboksi.

Unapokanyaga klachi hadi chini, klachi pleti huachiwa, na injini hutenganishwa na giaboksi. Kuanzia hapo, hadi utakapouachia mguu, hakuna kitu chochote ndani ya giaboksi kinachoweza kuiongezea injini mizunguko wala kuipunguzia, kwa kuwa viwili hivyo havigusani. Giaboksi ya mkono iliyochakaa hukwaruza, hutoa gia, huvuma, huwa ngumu kuingia, lakini haiwezi kuipigisha resi injini ambayo imetengwa nayo. Kwa hiyo fundi anayetaka kukuuzia giaboksi kwa dalili hii anakuuzia kitu kisichohusika, na naomba ulisimamishe wazo hilo leo.

Klachi nayo ina dalili yake, na dalili hiyo hutokea upande wa pili wa tendo lile lile. Klachi inayoteleza hupandisha mizunguko baada ya pedeli kuachiwa: umeshaingiza gia, umeshauondoa mguu kwenye klachi, unakanyaga mafuta kupanda mlima, mshale unaruka juu lakini gari haliongezi mwendo, na pengine unasikia harufu ya kuungua. Ukitaka kulihakikisha, tafuta barabara iliyo wazi yenye mwinuko, nenda kwenye gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu. Mshale ukipanda taratibu pamoja na mwendo, klachi inashika. Ukiruka peke yake, inateleza. Wewe umesema mizunguko hupanda ukiwa umekanyaga klachi na mguu wa kulia ukiwa hewani, kwa hiyo klachi yako ya zamani huenda ilikuwa na maisha bado. Limekwisha kutokea, hatuwezi kulirudisha, ila kagua jambo moja: pedeli ya klachi lazima iwe na mchezo kidogo pale juu kabla ya kuanza kukaza. Ikiwa fundi aliirekebisha bila kuacha mchezo huo, hata klachi mpya itateleza baada ya muda mfupi, nawe utadhani tatizo ni lile la mwanzo limerudi.

Sasa tubaki na injini yenyewe. Injini ya petroli hutawaliwa na hewa. Mafuta hupimwa na kompyuta, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, ili yaendane na hewa iliyoingia, na hewa ndiyo inayoamua injini izunguke kwa kasi gani. Gari likiwa kwenye gia, uzito wake na mwinuko wa barabara huibana injini, hivyo hewa ya ziada kidogo haionekani. Ukikanyaga klachi mzigo wote hutoka kwa mara moja, na hewa yoyote iliyokuwa ikiingia pasipo wewe kuitaka hugeuka mizunguko papo hapo. Ndiyo sababu tatizo lako linaonekana zaidi wakati wa kubadili gia, ingawa pengine lipo muda wote. Tukitambua hivyo, swali linakuwa moja: hewa hiyo inapita wapi?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni throto yenyewe, yaani lile bamba la duara linalofunguka unapokanyaga mafuta, likiwa halifungi kabisa. Ya pili ni njia ya pembeni ya sailensa, yaani ya mizunguko ya chini injini ikiunguruma bila mafuta kukanyagwa, ambayo kompyuta huifungua na kuifunga kwa valvu yake ili injini isizime ukiwa umesimama. Ya tatu ni tundu ambalo halikupaswa kuwepo: mpira uliopasuka, gasketi iliyokauka ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), au bomba lililolegea la busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki. Namna mshale unavyotenda husaidia sana kuzitofautisha. Mizunguko ikipanda juu ya pale ilipokuwa ulipokanyaga klachi, ninaishuku throto kwanza. Ikibaki pale ilipokuwa na kushuka polepole, naiangalia njia ya sailensa. Ikipanda na kushuka, ikapanda tena na kushuka kama mtu anayechezea pedeli, mara nyingi kuna hewa nyingi inayoingia huku kompyuta ikiamini kwamba throto imefungwa. Kompyuta ikiona hivyo na mizunguko iko juu, hukata mafuta. Mizunguko ikishuka, huyarudisha. Nayo hupanda tena.

Wewe umesema mshale unasimama sekunde mbili au tatu kisha unashuka, na kwamba asubuhi ni mbaya zaidi. Hapo ndipo thamostati inapoingia.

Thamostati ya injini yako hufunguka kwenye joto la nyuzi 82 hivi za Selsiasi. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto lake, na kuendelea kulilinda joto hilo njiani. Ilipotolewa, maji yakaanza kupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Dar es Salaam mtu anaweza kuishi hivyo kwa miaka bila kugundua chochote zaidi ya ulaji wa mafuta kuongezeka. Njombe ni jambo jingine. Kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba, injini isiyo na thamostati inaweza kutembea safari nzima bila kufikia joto lake la kazi, na katika mteremko mrefu, ambapo haifanyi kazi kubwa huku upepo ukipiga rejeta, inapoa zaidi.

Kompyuta ya injini husoma joto hilo kwa sensa ya maji, na ikiona injini ni ya baridi hufanya mambo mawili yanayokuhusu moja kwa moja. Kwanza, huifungua zaidi valvu ya sailensa, kama inavyofanya kila asubuhi unapowasha gari na kulisikia likinguruma juu kidogo kabla ya kutulia. Tofauti ni kwamba kwako asubuhi haiishi. Pili, hukipandisha kiwango cha mizunguko ambacho juu yake hukata mafuta mguu unapoachiwa. Injini yenye joto hukatiwa mafuta hata ikiwa kwenye mizunguko ya wastani, na huko kukatwa ndiko kunakoivuta chini haraka unapobadili gia. Injini ya baridi haikatiwi hadi iwe juu zaidi, kwa hiyo kwenye 2,500 inaendelea kupewa hewa na mafuta na haioni sababu ya kushuka. Kitonga nako ni habari ile ile: unaposhuka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, injini iliyopaswa kukushikilia inaendelea kuchoma mafuta kidogo, nawe unahisi kusukumwa.

Hili unaweza kulipima bila kifaa chochote. Endesha kwa nusu saa, kisha washa hita ya ndani ya gari. Ikitoa hewa ya uvuguvugu tu, injini haijapata joto. Tazama pia mshale wa joto: mshale huo ukitulia kwenye tambarare na kushuka kila unapoteremka mlima, umepata jibu. Njia nyingine ni kukata kipande cha boksi na kukiweka mbele ya rejeta kifunike nusu yake, kwa safari fupi ya majaribio, huku macho yako yakiwa kwenye mshale wa joto wakati wote. Joto likifika katikati na tatizo la kubadili gia likapungua sana, tumemkamata mkosaji mkuu. Boksi litoe mara moja baada ya jaribio, maana nimeona mtu aliyelisahau likamgharimu silinda hedi.

Najua utaniuliza: nikirudisha thamostati, si gari litachemsha tena? Swali ni la haki, na jibu lake huwashangaza wengi. Katika injini za ukoo huu wa Toyota, thamostati ina kidude cha pili upande wa nyuma, ambacho huifunga njia ya mkato ya maji pale thamostati inapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Gari hupoa kupita kiasi likiwa na mzigo mdogo, lakini likibebeshwa mzigo mkubwa kwenye mlima mrefu wa joto uwezo wake wa kupoza unakuwa umepungua. Kwa hiyo kilichofanyika mwaka jana kilificha dalili tu. Kabla ya kurudisha thamostati, mwambie fundi aangalie kama feni ya rejeta inawaka kwa wakati wake, kama rejeta haijaziba, kama mfuniko wake unashikilia presha, na kama hakuna mapovu yanayotoka kwenye rejeta injini ikiunguruma, kwa maana mapovu yasiyokwisha ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Thamostati mpya iwekwe na kile kitundu chake kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu, kisha mfumo utolewe hewa vizuri.

Kuna uwezekano kwamba injini ina joto la kutosha lakini sensa inaidanganya kompyuta. Sensa ya kompyuta ina pini mbili na si ile ya pini moja inayoupeleka mshale wa dashibodi, kwa hiyo mshale kuwa sawa haumaanishi kwamba kompyuta nayo inaona sawa. Chomoa soketi yake na upime ukinzani wake kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme: kwenye nyuzi 20 inapaswa kuonyesha kati ya kiloomu 2 na 3, na kwenye nyuzi 80 kati ya kiloomu 0.2 na 0.4. Ikibaki na kiloomu nyingi wakati injini ni ya moto, ibadilishe. Ni kifaa kidogo, na hakihitaji kushusha chochote.

Tuseme thamostati imerudi, joto liko sawa, na tatizo limepungua lakini halijaisha. Kwa gari la umri huu ningelitarajia hilo, kwa sababu mara chache hewa ya ziada hupita njia moja tu. Sasa fungua boneti na uanze na throto.

Injini ikiwa imezimwa, mwombe mtu akanyage mafuta na kuachia huku wewe ukitazama mkono wa throto uliofungiwa kebo ya akselereta, yaani ya pedeli ya mafuta. Unapaswa kurudi kwa mshindo mdogo na kugonga skrubu yake ya kuzuia. Ukirudi kwa uvivu, au ukibaki umenyanyuka kidogo, chunguza kebo: iwe na ulegevu wa milimita chache, isiwe imechanika nyuzi, isikwaruze mahali inapopita ukutani. Vua bomba la hewa na uangalie ukingo wa lile bamba la duara. Utando mweusi unaojikusanya hapo unatokana na mvuke wa oili ya injini, na unatosha kulinatisha bamba likiwa wazi kwa unene wa karatasi. Lisafishe kwa kitambaa kilicholowekwa dawa ya kusafishia kabureta, ukilishikilia wazi kwa mkono. Usikwangue kwa bisibisi.

Usiudharau mkeka. Mwaka 2009 Toyota iliyaita magari takriban milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu mikeka ya sakafuni iliweza kuibana pedeli ya mafuta, na hayo yalikuwa magari ya umri mdogo. Hapa kwetu tunatandika mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, na kipande cha kapeti juu yake. Mteja wangu mmoja aliwahi kushushiwa giaboksi mara mbili kwa malalamiko kama yako, na mkosaji alikuwa mkeka mzito wa mpira ulioisukuma pedeli kila kisigino chake kilipoteleza kuelekea klachi. Niliutoa, tukaenda kuendesha, na njiani tulikuwa kimya wote wawili.

Kisha angalia ile skrubu ya kuzuia mkono wa throto, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nauona uharibifu huu karibu kila wiki. Skrubu hiyo huwekwa kiwandani na haikukusudiwa kurekebisha sailensa. Lakini valvu ya sailensa inapoziba na gari likaanza kuzima, fundi mwenye haraka huikaza skrubu hiyo, bamba hufunguka kidogo, gari hutulia, na mteja hulipa akaondoka ameridhika. Kilichotokea ni kwamba throto haifungi tena, na swichi iliyo ndani ya sensa ya throto, inayoiambia kompyuta kwamba mguu umeachiwa, haifungi vilevile. Kompyuta sasa inaamini unakanyaga mafuta saa zote. Haikati mafuta ukiachia mguu na wala haiisimamii sailensa ipasavyo. Matokeo ni yale yale unayoyalalamikia. Ukiona rangi ya kiwandani kwenye skrubu imevunjika au nati yake ina makovu ya spana, ujue mtu amepita hapo kabla yako. Kwa multimita, kati ya pini za IDL na E2 za sensa ya throto kuwe na mawasiliano throto ikiwa imefungwa, na yakatike mara tu inapofunguliwa kidogo. Yasipokuwepo, rudisha skrubu mahali pake kwanza, ndipo uirekebishe sensa.

Magari mengi ya toleo hili yana pia kisanduku kidogo chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, gia ikiwa huru, umeme wote wa ziada ukiwa umezimwa, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi itamulika. Ikimulika mfululizo kwa vipindi sawa, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimulika mara mbili, ikapumzika, kisha mara mbili tena, hiyo ni namba 22, sensa ya joto la maji. Namba 31 ni sensa ya mvuto wa hewa kwenye manifoldi, 41 ni sensa ya throto, na 42 ni sensa ya mwendo wa gari. Lakini kompyuta hii ni ya zamani na hutambua zaidi waya uliokatika au uliogusana. Sensa iliyokaa vibaya au inayosema uongo wa wastani haitakuandikia namba yoyote. Kwa hiyo taa ikikuambia hakuna kosa, usiache kupima.

Kuhusu njia ya sailensa, kuna jaribio ninalolipenda kwa urahisi wake. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma, vua bomba la hewa na utazame mdomo wa throto: kabla ya bamba utaona tundu dogo linalonyonya hewa. Lizibe kwa kidole. Injini ya moto iliyo salama itashuka kidogo au itakaribia kuzima. Ikishuka sana kutoka kwenye mizunguko iliyokuwa juu, valvu ya sailensa imekwama ikiwa wazi, nayo iko chini ya throto na inahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Skrubu zake ni laini na huharibika kichwa haraka, kwa hiyo tumia bisibisi inayokaa barabara, na uwe na gasketi mpya mkononi. Kumbuka kwamba maji ya injini hupita humo humo, basi usiifungue injini ikiwa ya moto. Lakini kama ukiziba tundu na mizunguko ikabaki juu, hewa inaingia kwingine, na unarudi kwenye throto isiyofunga au unaingia kwenye msako wa matundu.

Msako huo katika injini yako una faida moja. Corolla hii haipimi hewa kwa kuipitisha kwenye mita. Hupima mvuto ndani ya manifoldi, na kutokana na huo hukadiria hewa. Kwa sababu hiyo hewa inayoingia kwa wizi huhesabiwa pamoja na nyingine, hupewa mafuta yake, na mizunguko hupanda waziwazi badala ya injini kukosa nguvu na kutetemeka. Minya mabomba ya mpira moja moja kwa koleo lenye kitambaa, ukianza na lile nene la busta ya breki, huku injini ikiunguruma. Bomba ambalo ukiliminya mizunguko inashuka ndilo linalokuongoza kwenye tundu. Viungo vya manifoldi vinyunyizie maji kidogo kwa chupa ya kupulizia na usikilize kama mlio unabadilika. Wengine hunyunyiza dawa ya kabureta au petroli. Mimi siwashauri, kwa sababu ekzosi ya moto haiko mbali.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii ni mipira inayoishikilia injini, yaani maunti. Zikichoka, injini huyumba mbele na nyuma kila unapoachia mafuta na kukanyaga klachi, na kuyumba huko kunaweza kuivuta kebo ya akselereta kwa sekunde moja au mbili. Dalili yake ni kwamba ukipiga resi gari limesimama na gia iko huru, injini inarudi chini vizuri kabisa, lakini barabarani inapanda. Nakushauri ulifanye jaribio hilo la kusimama kabla ya kufungua chochote: ipandishe injini ya moto hadi 3,000, achia, uone. Ikirudi vizuri ukiwa umesimama, tazama maunti na sensa ya mwendo. Isiporudi, huna haja ya kuendesha tena ili kutafuta.

Mpe pia mtu mwingine aendeshe, nawe ukae pembeni usikilize. Baada ya klachi kubadilishwa, mahali inaposhikia huhama, na mguu uliozoea ya zamani huweza kuikanyaga mapema, kabla ule wa kulia haujaondoka kwenye mafuta. Sisemi kwamba ndivyo ulivyo, kwa sababu wewe hali yako ilianza kabla ya klachi, ila isije ikaongeza chumvi kwenye jambo lililokuwepo.

Wenye magari ya otomatiki watakaosoma hapa wasiyachukue haya kama yalivyo. Kwao injini kupanda ghafla kati ya gia moja na nyingine, huku gari likikosa nguvu kwa nusu sekunde, ni dalili ya klachi za ndani ya giaboksi kuchelewa kushika. Waanze na oili: kiwango chake ikiwa ya moto, rangi na harufu yake, na kama ni ya aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kwenye kitabu cha gari. Kwa hao giaboksi ni mshukiwa halali.

Kwako wewe, mpangilio wangu ungekuwa huu. Leo, mkeka na kebo, ambavyo havigharimu kitu. Kesho, jaribio la hita na la resi ukiwa umesimama. Kisha mfumo wa maji na thamostati. Throto, skrubu na valvu ya sailensa vifuate baada ya hapo, maana ukiirekebisha sailensa ya injini yenye baridi ya kudumu utalazimika kuirekebisha upya ikipata joto. Ukimaliza, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa sekunde kumi au zaidi ili namba za zamani zifutike, irudishe, na uendeshe kwa siku mbili kabla ya kutoa hukumu.

Hadi hapo, usiteremke Kitonga na gari hili likiwa na abiria. Ikilazimu, shuka kwa gia ya chini tangu juu, usisubiri breki zipate moto. Na ikitokea injini ikapanda isitake kushuka, kanyaga klachi, shika breki kwa nguvu moja bila kupampu, toka barabarani, na uzime swichi gari likiwa limesimama, kwa sababu ukiizima ukiwa kwenye mwendo busta ya breki itabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu.

Niandikie hita ilitoa hewa ya namna gani na taa ilimulika mara ngapi. Kwa mambo hayo mawili nitaweza kukuambia ni kifaa gani ununue, au kama hakuna cha kununua.